Kuonja Kwanza Hakutoshi: Bilauri ya Wiski Katika Nyumba ya Mpakani

Katika nchi yetu ya mpakani, tangu Mwello na vijiji vingine vya Wapadhola katika Wilaya ya Tororo, hadi kwa Wasamia na Waiteso wa Busia zote mbili, ile ya Uganda na ile ya Kenya, pombe haikupata kuwa jambo la mtu mmoja. Chungu cha pombe ya ulezi huwekwa katikati, wazee hukaa kukizunguka, na kila mmoja huvuta kwa mrija wake mrefu. Wapadhola huiita pombe hiyo kongo, Waiteso huiita ajon, na sokoni wengi huiita malwa. Kabla ya mgeni kutia mrija wake chunguni, mwenyeji au aliyeipika pombe huonja kwanza mbele ya macho ya watu. Maana ya tendo hilo hujulikana bila kuelezwa: nilichokupa ninakinywa mimi pia, na kama kina madhara, yataanza kwangu.

Siku hizi chungu hicho kimepata mwenzake. Penye sherehe ya mahari, ya kijana aliyemaliza chuo au ya mzee aliyestaafu kazi, aghalabu utaiona chupa ya wiski mezani. Wale waliokwisha kuona hoteli za Kampala na Nairobi hawaridhiki tena kuimimina kavu kavu. Wanapenda kumwandalia mgeni bilauri iliyochanganywa kwa ufundi, yenye limau, sukari na barafu. Hatuoni aibu katika kupenda hivyo, kwani kumwandalia mgeni kitu kizuri ni adabu. Lakini bilauri hiyo inataka elimu ya namna mbili: elimu ya kuichanganya, ambayo ni nyepesi, na elimu ya kuijua chupa, ambayo ndiyo inayookoa maisha. Makala haya yanakusudia kueleza zote mbili.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, katika jimbo la New York huko Marekani, lilimjibu msomaji aliyeuliza maana ya neno kokteli. Jibu lilikuwa fupi: ni kinywaji cha pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na matone machungu ya mizizi na magome. Mambo manne, basi. Mwaka 1862 Jerry Thomas, mhudumu mashuhuri wa baa nchini humo, alitoa kitabu cha kufundisha uchanganyaji wa vinywaji, na ndani yake imo wiski iliyotiwa limau na sukari. Vinywaji hivi viwili, kile cha matone machungu na kile cha limau, ndivyo mpaka leo vinavyohesabiwa kuwa mama wa vinywaji vingi vya wiski vinavyochanganywa.

Kwa kuwa sisi ni watu wa jeshi, tumevutiwa kuona jinsi askari wanavyojitokeza mara kwa mara katika habari hii. Mwaka 1740 Admirali Edward Vernon wa Uingereza, alipoona mabaharia wake wanalewa na kuharibu kazi, aliamuru ramu yao itiwe maji kabla ya kugawiwa, na waliotaka kuikoleza waongeze sukari na ndimu. Matone machungu yanayojulikana zaidi duniani, yale ya Angostura, yalitengenezwa mwaka 1824 na Johann Siegert, daktari Mjerumani aliyetumikia jeshi la Simón Bolívar nchini Venezuela. Yeye hakuwa akitafuta anasa, bali dawa ya matumbo ya askari.

Hata pombe kali ya kwetu ilifuata nyayo za askari. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwaleta Uganda askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha karibu na Ziwa Albert, na kizazi chao ndio Wanubi tunaoishi nao leo. Inakubaliwa na wengi kwamba Wanubi ndio walioeneza ufundi wa kukeneka, yaani kuichemsha pombe na kuukusanya mvuke wake uliopoa. Jina la waragi lina undugu na neno la Kiarabu araki, na huko Kenya Waingereza waliiita chang'aa kwa jina la jini ya Kinubi.

Serikali za pande zote mbili za mpaka zimehangaika na pombe hiyo kwa muda mrefu. Katika enzi ya ukoloni, sheria ilimzuia Mwafrika kunywa pombe kali za dukani, na kwa hiyo ile ya kichakani ikapata wateja wengi. Baada ya uhuru, Uganda ilipitisha sheria ya enguli ya mwaka 1965, iliyomtaka kila mkenekaji awe na leseni. Pombe ya vijijini ilipaswa kuuzwa kiwandani ikasafishwe na kutiwa chupani, na hapo ndipo ilipozaliwa Uganda Waragi. Kenya nayo ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku hiyo, lakini kwa sharti kwamba pombe itengenezwe, ifungwe na kuandikwa kwa kufuata viwango vilivyowekwa. Tanzania ilikataza viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, mwaka 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019.

Mahali ambapo sheria mbili zinakutana, magendo hayakosekani. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi Busia mwezi wa Februari 2018 kimerahisisha safari ya bidhaa halali, lakini njia za panya hazijafungwa. Chupa iliyopita kituoni imeonwa na afisa wa forodha. Chupa iliyopita mtoni usiku haikuonwa na mtu yeyote, na chupa hizo mbili zinaweza kusimama pamoja kwenye rafu ya duka moja, zikiwa na picha moja na jina moja.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo kubwa. Pombe tunayoinywa, iwe ya ulezi, ya mihogo au ya miwa, huitwa na wanakemia ethanoli. Iko pombe nyingine inayoitwa methanoli, ambayo hutumika viwandani katika rangi, vimumunyisho na nishati. Kwa macho zote mbili ni maji meupe, na ulimi wa kawaida hauwezi kuzitenganisha zikiwa zimechanganywa. Uchachu wa matunda na nafaka huweza kutoa methanoli kidogo sana. Lakini misiba mikubwa aghalabu imetokana na wafanyabiashara waliotia methanoli ya viwandani ndani ya pombe, kwa tamaa ya kuongeza ukali na wingi kwa gharama ndogo.

Methanoli yenyewe haiui papo hapo. Ini huigeuza kuwa sumu nyingine, hasa asidi ya fomiki, ambayo huharibu mshipa wa fahamu wa macho na kuivuruga damu. Kugeuzwa huko huchukua muda. Mnywaji huweza kulewa kama kawaida, akalala, akaamka bila tatizo kubwa, kisha baada ya saa 12 hadi 24 akaanza kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, na kuona ukungu mbele ya macho. Ikiwa amekunywa pamoja na ethanoli ya kutosha, dalili huchelewa zaidi, kwa sababu ini hushughulika na ethanoli kwanza.

Msomaji atafakari maana ya jambo hilo kwa desturi yetu ya kuonja. Wazee wetu waliiweka kwa busara, kwani sumu walizozijua zilidhihirika upesi. Mwenyeji alipoonja na kubaki mzima, mgeni alikuwa na sababu ya kumwamini. Methanoli imeivunja ahadi hiyo. Mwenyeji mwaminifu kabisa anaweza kuonja, akatabasamu, akawakaribisha ndugu na marafiki, nao wakanywa mpaka usiku wa manane, na kesho yake jioni nyumba nzima ikawa msibani, naye mwenyewe akiwa wa kwanza kupoteza macho.

Hayo si maneno ya kutisha watu. Mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Mwezi wa Aprili 2010 watu wapatao 80 walikufa katika eneo la Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa waragi iliyotiwa sumu hiyo hiyo. Mwezi wa Mei 2014 msiba ulirudi Kenya, ukaua watu zaidi ya 60 katika Embu, Makueni, Kitui na kwingineko. Marekani nayo ilionja uchungu huo kati ya mwaka 1920 na 1933, wakati pombe ilipopigwa marufuku. Katika miaka hiyo wahudumu wa baa za siri walijaza asali, malimau na maji ya matunda ili kuficha ladha mbaya ya pombe ya magendo. Ladha ilifichika, lakini sumu ilibaki, na watu wengi walipofuka au wakafa. Hivyo yeyote anayedhani kwamba limau au sukari itaisafisha pombe mbaya ajue kwamba vitu hivyo huifanya iteremke kwa urahisi zaidi, basi.

Wako pia wanaoamini moto. Humimina pombe kidogo kwenye kijiko, wakaiwasha na kuitazama rangi ya mwali. Ethanoli na methanoli zote huwaka kwa mwali hafifu wa buluu, na zikichanganywa jicho halioni tofauti. Kipimo hicho kisitegemewe na mtu yeyote.

Cha kutegemewa ni chupa na mahali ilipotoka. Kwanza, mnunuzi aende kwenye duka lenye leseni, asimamaye mwenyewe mbele ya rafu, asimtume kijana wa pikipiki alete "ile ile ya bei nafuu." Pili, atazame kifuniko: utepe uwe haujakatika, na pete ya kifuniko isiwe imelegea au kubandikwa kwa gundi. Tatu, atafute stempu ya kodi. Nchini Kenya stempu hizo zimetumika tangu mwaka 2013 na mnunuzi anaweza kuzihakiki kwa simu. Nchini Uganda stempu za kidijitali zilianza mwaka 2019, na bidhaa zilizothibitishwa hubeba alama ya Shirika la Viwango. Nne, asome karatasi yote: jina la mtengenezaji, nchi, nambari ya toleo, ujazo na kiasi cha pombe. Maneno yaliyokosewa tahajia na picha iliyofifia ni onyo. Tano, bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine inaeleza yenyewe kwamba kodi haikulipwa, au kwamba kilichomo si kile kilichoandikwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake, kwa maana stempu nayo hughushiwa. Zote zikikubaliana, mnunuzi ana haki ya kutulia.

Baada ya sherehe, chupa tupu ivunjwe au karatasi yake ichanwe. Chupa nzima yenye karatasi safi ni mali kwa mghushi, ambaye huinunua kwa waokota taka na kuijaza upya.

Sasa tuingie jikoni. Wiski ya Uskoti kwa sheria hukaa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na ukali wake hauwi chini ya asilimia 40. Bourbon ya Marekani hutengenezwa kwa nafaka ambayo angalau asilimia 51 yake ni mahindi, zao tunalolijua vizuri, na kwa kuwa ina utamu kidogo, hupatana sana na limau. Yoyote kati ya hizo itafaa, wala hapana haja ya kununua ya bei kubwa ikiwa itachanganywa.

Siku iliyotangulia, chemsha maji ya kunywa, yaache yapoe, kisha uyagandishe. Barafu ya maji yasiyochemshwa huleta kuhara, na wiski iliyomo katika bilauri haina nguvu ya kuaminiwa kuua vijidudu vyake. Kisha tengeneza shira: kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji ya moto, koroga mpaka sukari iyeyuke yote, acha ipoe. Sukari ya Kakira au ya Kenya ni ile ile kwa kazi hii. Anayependa asali na atumie asali iliyolainishwa kwa maji ya moto.

Kwa bilauri moja, chukua chupa tupu ya jemu yenye kifuniko kinachoziba vizuri. Tia vijiko vikubwa 4 vya wiski, yaani mililita 60. Vijiko vikubwa 2 vya maji ya limau lililokamuliwa wakati huo huo. Na kijiko kikubwa kimoja na nusu cha shira. Ndimu pia yafaa, ila ni kali zaidi, hivyo punguza kidogo. Jaza barafu hadi nusu ya chupa, funga, na uitikise kwa nguvu kwa muda wa sekunde 15, mpaka chupa iwe baridi sana mkononi. Chuja kwa chujio la chai ndani ya bilauri yenye barafu mpya, na uweke kipande cha chungwa pembeni. Wengine hutia ute wa yai ili kufanya povu. Sisi tunashauri uachwe, kwani yai bichi lina hatari yake.

Anayetaka kile cha kale, chenye matone machungu, hahitaji kutikisa. Kijiko kimoja cha chai cha shira hutiwa chini ya bilauri, pamoja na matone 2 au 3 machungu kama yanapatikana. Mimina mililita 60 za wiski, weka barafu kubwa moja, koroga polepole kwa nusu dakika, kisha kamua ganda la chungwa juu yake ili mafuta yake yenye harufu yadondoke. Matone hayo ni adimu katika maduka ya Tororo na Busia, na kwa sababu hiyo kinywaji cha limau ndicho kinachofaa zaidi nyumba za huku.

Vipimo vyetu tumevitaja kwa vijiko makusudi, kwa kuwa mkono unaomimina bila kipimo huwa mkarimu kupita kiasi. Mililita 60 za wiski ya asilimia 40 zina mililita 24 za pombe tupu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Yaani bilauri hii ndogo, tamu na baridi, ni sawa na chupa nzima ya bia, ingawa mtu huimaliza kwa dakika chache. Ini huhitaji kama saa 2 hadi 3 kuiondoa mwilini, na kahawa au maji baridi hayaliharakishi. Chupa ya mililita 750 hutoa bilauri 12: kwa wageni 6 ni bilauri 2 kila mmoja, nazo zatosha kwa jioni nzima penye chakula. Atakayeendesha gari au pikipiki kwenye barabara ya Malaba, penye misururu ya malori usiku na mchana, asipewe hata moja.

Mwenyeji mwema humkumbuka pia mgeni asiyekunywa, awe Mwislamu, mlokole, mama mjamzito au mtu aliye kwenye dawa. Limau lile lile, shira ile ile, maji ya tangawizi badala ya wiski, vikatikiswa na barafu ile ile, hutoa kinywaji kizuri kwa bilauri ile ile. Hapo hakuna atakayejiona ametengwa.

Na ikitokea mtu aliyekunywa jana analalamika leo kwamba macho yana ukungu, tumbo linauma au anapumua kwa haraka, asiambiwe alale ili uchovu uishe. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa iliyobaki, na wote waliokunywa naye waende hata kama hawajisikii vibaya. Madaktari wanazo njia za kulizuia ini lisiigeuze methanoli na za kuisafisha damu, nazo hufaulu zikiwahi. Tiba hiyo hupimwa hospitalini na haijaribiwi nyumbani.

Kwa wale watakaoipenda bilauri hii, tunapendekeza desturi ya zamani isiachwe, bali iongezewe jambo moja. Mwenyeji asiifungulie chupa jikoni wala asiilete tayari imemiminwa. Na ailete mezani ikiwa imefungwa, aipitishe mikononi mwa wageni ili kila mmoja auone utepe, asome karatasi na kuitazama stempu. Kisha aufungue utepe mbele yao, apime kwa kijiko, na aonje kwanza kama walivyoonja wazee wake.